Mistari ya Buluu

Shule ilipohamishwa, watoto waliondoka na madaftari yao, walimu wakaondoka na chaki zao, na Bibi Deki akabaki na jengo.

Lilikuwa jengo la miaka sitini na ushee, refu kama gari moshi lililosahauliwa stesheni, madarasa manne yamepangana bega kwa bega na baraza moja mbele yake. Bati lake lilikwisha kuona mvua za kutosha. Mbao za madirisha zilikuwa zimeliwa na mchwa mpaka kilichozishikilia kilikuwa rangi tu. Bodi ya shule ilikaa, ikajadili, ikakaa tena, na mwishowe ikakata shauri: jengo lisivunjwe, ligeuzwe. Kuta za katikati zitolewe, madarasa manne yawe ukumbi mmoja mpana, na ndani ya ukumbi huo vijengwe vyumba vya vioo na kona za kusomea, na kuta za kusukuma ambazo mwalimu angezifungua asubuhi na kuzifunga mchana kama pazia. Watoto wa siku hizi, mkuu wa shule aliwaeleza wazazi, hawasomi tena kwa kutazamana visogo. Basi watoto mia tatu wakapelekwa kwenye vyumba vya kuazima katika shule nyingine, upande wa pili wa mji, kwa mwaka mzima.

Bibi Deki hakuhamishwa. Huko walikokwenda kulikuwa na wasafishaji wao. Mkuu wa shule, mwanamke mpole mwenye haraka zisizokwisha, alimwambia abaki kuangalia stoo, ambamo madawati na vitabu vilikuwa vimerundikwa mpaka darini. Kuhusu baadaye, alisema, jengo jipya litataka mtu wa kulisafisha, na yeye hana mwingine anayemtaka. Ila neno la mwisho ni la bodi, na bodi itawauliza watu wa ujenzi.

"Mradi usiwe na neno lolote na hao mafundi," alimwambia. "Ukimaliza mwaka salama, nitakusemea."

Maneno hayo Bibi Deki aliyachukua akayafunga kwenye pindo la kanga, kama wanavyosema. Miaka ishirini na sita alikuwa amepiga deki sakafu ile. Jina lenyewe alipewa na watoto, likamganda mpaka walimu wakasahau lile alilopewa na baba yake. Mumewe alikuwa ametangulia mbele ya haki, mwaka wa kumi na moja sasa. Mwanawe wa pekee alikuwa na mke na watoto katika mji wa mbali, na kila wiki alipiga simu kumwambia, mama, njoo tukae. Bibi Deki alimshukuru na hakwenda. Alikwisha kwenda mara moja, akakaa wiki tatu, na katika wiki tatu hizo mkamwana wake alimkaribisha kila siku, asubuhi na jioni, kwa adabu zote. Na mtu anayekaribishwa kila siku ni mgeni kila siku.

Kwa hiyo kazi ile haikuwa mshahara tu. Ilikuwa ndiyo mahali pake pa kwenda kunapokucha.

Wiki ya kwanza alidhani atapumzika. Miaka yote alikuwa akigombana na kelele za watoto, akiwaambia wana midomo kama kengele na miguu kama ng'ombe, na wao wakimcheka na kumpita mbio. Sasa kelele haikuwepo, na kimya kilikuwa kizito kuliko kelele. Alifagia kizingiti cha stoo mara tatu kwa siku. Alikaa kwenye kiti chake mlangoni akila chakula chake cha mchana peke yake, na mara mbili alijikuta ameinua kichwa kumkemea mtu ambaye hakuwepo.

Kisha mafundi wakaja. Msimamizi wao alikuwa mtu mnene, simu sikioni tangu asubuhi hadi jioni, na siku ya kwanza tu aliweka sheria: asiye na kofia ngumu asitie mguu ndani ya jengo. Bibi Deki hakupewa kofia. Aliachiwa stoo, ambayo ilikuwa na milango miwili, mmoja wa nje na mmoja wa kuingilia ukumbini, na funguo zote mbili zilibaki kwake kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuziomba. Vibarua walimwamkia siku nne za mwanzo. Baada ya hapo wakamzoea kama walivyozoea tangi la maji: wanalipita, wanajua lipo, basi.

Aliyeendelea kumwamkia alikuwa mmoja, Fundi Uzi.

Huyu alikuwa mwanamume mwembamba wa umri kama wake, na kazi yake ilikuwa kupiga mistari. Kabla ya ukuta kubomolewa, yeye ndiye anayeonyesha ukatwe wapi. Kabla ya ukuta kujengwa, yeye ndiye anayeonyesha usimame wapi. Alikuwa na uzi mrefu ndani ya kikopo chenye unga wa buluu. Akiuvuta unatoka umejipaka unga. Anaufunga ncha moja kwenye msumari, anauvuta mpaka ukaze, anaunyanyua kidogo kwa vidole viwili, anauachia. Unagonga sakafu, *ta*, na unapoondolewa mstari umebaki, umenyooka kama neno la kweli.

Alimwita Bibi Deki "shemeji". Hawakuwa na undugu wowote. Siku ya kwanza alipita mlangoni pa stoo, akaona sufuria zake za chakula zinavyong'aa, akasema mwanamke mwenye sufuria kama hizo lazima awe shemeji yake, maana ndugu zake wote wana bahati isipokuwa yeye. Tangu hapo ikawa utani.

"Shemeji, leo umemmwagia nani maji machafu?"

"Nimekuwekea wewe ndoo nzima. Njoo uoge, hiyo buluu imekupanda mpaka masikioni."

Saa ya chai alikaa kwenye kizingiti cha stoo, kikombe magotini, akamsimulia habari za jengo. Alisema halina kona hata moja iliyo sawa. Aliyelijenga, alisema, alikuwa anakimbizwa na mtu. Ili apate kona ya haki, ilimbidi apime hatua tatu huku, nne kule, na mshazari utimie tano. Usipotimia, anaanza upya. Siku moja, bila kuulizwa, alimwambia pia kwamba zamani alikuwa mtu wa pombe. Kwenye ujenzi mmoja alipiga mstari wa ukuta ukapita katikati ya mlango, watu wakajenga, na habari hiyo ikamtangulia kila mji aliokwenda kuomba kazi. Sasa ulikuwa mwaka wa tatu hajagusa hata harufu yake. Msimamizi huyu ndiye wa kwanza aliyemwamini tena, na hata yeye humkaribia akiongea ili amnuse. Fundi Uzi alisema hilo akicheka. Bibi Deki hakucheka. Alimwongezea chai.

Kuta zikaanguka. Kwa wiki nne hapakuwa na kitu ila nyundo, na vumbi lilipenya chini ya mlango wa ndani likaingia stoo na kulala juu ya madawati. Bibi Deki alilifuta, likarudi. Kilichomuuma zaidi ni sakafu. Ilikuwa ya saruji nyekundu, iliyosuguliwa kwa miaka na mikono yake mwenyewe mpaka mtoto akiinama anaona meno yake, na kwenye ramani mpya ndiyo iliyokuwa imeachwa ibaki. Sasa ilikuwa imezikwa chini ya matofali, na yeye alikaa upande wa pili wa mlango akisikia matoroli yakikwaruza juu yake, kama mtu anayesikia mwanawe akipigwa nyumba ya jirani.

Alhamisi moja vibarua wakamaliza kuzoa kifusi, wakahamishiwa kazi nyingine ng'ambo ya mji mpaka watakapohitajika. Ijumaa na Jumamosi Fundi Uzi alibaki ndani peke yake, maana alipenda hivyo; kazi ya uzi, alisema, haitaki makelele wala miguu ya watu. Vioo vya vyumba vipya vilikuwa vimekwisha kukatwa na vingefika Jumanne. Siku mbili nzima Bibi Deki alisikia tu kupitia mlangoni: kimya, kimya, *ta*. Kimya, *ta*.

Jumamosi jioni fundi alitoka mgongo ukimuuma, akamwambia shemeji yake kwamba jengo sasa limepata kona. Bado dawa ya kupulizia juu ya mistari ili ishike, kopo lilikuwa limemwishia. Alimpigia simu msimamizi, akaambiwa asubiri Jumatatu, hakuna mtu wa kukanyaga huko mpaka wakati huo. Hayo ya kopo alimwambia msimamizi, si Bibi Deki. Bibi Deki aliambiwa tu habari ya kona, akasema Mungu ni mkubwa, wakaagana.

Jumapili Bibi Deki alisali, akanywa chai, akakaa. Chumba chake kilikuwa na kitanda, kiti na dirisha. Alipokwisha kukitazama kimoja baada ya kingine, bado ilikuwa saa tatu asubuhi. Akajiambia atakwenda kuangalia stoo, maana mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na bati lile si la kuaminiwa.

Stoo haikuvuja. Alisimama katikati ya madawati na ufunguo wa mlango wa ndani mkononi. Sheria aliijua. Lakini hapakuwa na mtu hata mmoja, wala nyundo, wala kitu cha kumwangukia kichwani. Akajiambia atachungulia tu.

Akafungua. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa nailoni, na mwanga uliopita ulikuwa wa kijivu. Madarasa yake manne hayakuwepo. Palikuwa na pahali pamoja pakubwa mpaka akashika mlango, na chini, kutoka ukuta wa mwanzo hadi wa mwisho, ilikuwa sakafu yake. Ilikuwa chafu. Ilikuwa na unga wa saruji na nyayo, na kila mahali, imekatizana huku na huku, mistari ya buluu.

Sasa hapa ndipo mtu mwingine angesimama akafikiri. Lakini kwa Bibi Deki mstari sakafuni haukuwa kitu kigeni. Miaka ishirini na sita walimu walichora mistari ya chaki kwenye sakafu ile: kila mtihani walipima pa kuweka madawati ili watoto wasitazamiane, kila somo la hesabu walichora miraba, na watoto nao wakachora ya kwao ya kurukia. Mtihani ukiisha, Bibi Deki hufuta. Hakuna aliyewahi kumwambia afute, na hakuna aliyewahi kumwambia asifute. Na kwa Fundi Uzi alikuwa ameona jambo lile lile. Mistari ya kwanza ilipigwa kwenye kuta, kuta zikakatwa, kazi ya mstari ikaisha. Sasa kuta zimeanguka. Jengo limepata kona, ameambiwa kwa kinywa cha mwenyewe. Kwake yeye mistari ile ilikuwa uchafu wa kazi iliyokwisha, na mwenye kazi ni rafiki ambaye mgongo unamuuma.

Akajaza ndoo.

Alianza pale lilipokuwa darasa la kwanza. Alifagia, akamwaga maji na sabuni, akapiga magoti na brashi, kisha tambara, kisha maji safi, kisha tambara kavu. Buluu ilimpa shida mahali mahali, akaisugua. Mikono ilikuwa inajua njia. Ilizunguka madawati ambayo hayakuwepo tena. Alimkumbuka mtoto aliyekuwa akikaa pale na kutapika kila asubuhi ya mtihani. Aliimba, sauti ya chini, nyimbo za sala alizozijua, na ukumbi mtupu ukamwitikia. Ilikuwa saa tisa alipofika mwisho. Akageuka, akaiona nyekundu yote, imelowa, inang'aa, na moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza tangu watoto waondoke. Akamshukuru Mungu, akafunga mlango, akaenda nyumbani akalala kama mtoto.

Jumatatu alikuwa stoo akikung'uta vitabu aliposikia sauti ya msimamizi upande wa pili wa mlango. Mwanzo hakuitilia maanani. Kisha akasikia neno mistari.

Msimamizi alikuwa anauliza iko wapi. Fundi Uzi alikuwa anasema aliipiga, yote, siku mbili, alikuwa hapa. Msimamizi akauliza kama imepanda basi. Vibarua waliorudi asubuhi ile wakacheka. Fundi Uzi akarudia kwamba aliipiga, na sauti yake ilikuwa imeanza kupotea kama ya mtu anayejitilia shaka mwenyewe. Kisha msimamizi akasema jambo ambalo Bibi Deki, nyuma ya mlango, alilisikia likimpita kifuani. Alisema, hebu tazama sakafu hii. Hakuna vumbi. Hakuna hata alama ya kiatu chako. Mtu aliyefanya kazi hapa siku mbili alitembea hewani?

Usafi wake ndio uliosimama kuwa shahidi.

"Sema ukweli tu," msimamizi alisema. "Ulirudia chupa. Ulilala siku mbili ukaota umepiga mistari."

Msimamizi akamaliza kwamba vioo vinakuja kesho na havitasubiri. Apige mistari upya, leo na kesho, mbele ya macho ya watu, na Jumamosi akusanye vyombo vyake aende.

Bibi Deki alikuwa ameshika kitasa. Msimamizi na fundi walikuwa umbali wa pumzi moja. Alisubiri mtu aseme jina lake. Aseme, jamani, si kuna yule bibi wa stoo mwenye ufunguo? Hakuna aliyesema. Ili mtu ashukiwe, lazima kwanza akumbukwe. Na nyuma ya kichwa chake yalikuwa yanazunguka maneno ya mkuu wa shule: mradi usiwe na neno lolote na hao mafundi. Aliachia kitasa polepole, kisilie.

Saa ya chai Fundi Uzi hakuja kizingitini. Alipita mbali, anakwenda kuchota maji, macho chini.

Jioni mwanawe alipiga simu. Alimweleza yote, na yule kijana, ambaye alimpenda mama yake na alikuwa na kazi nyingi, akamwambia anyamaze. Kwani amemwua mtu? Fundi atapata kazi nyingine, mafundi hawakosi kazi. Yeye akiipoteza hii, nani atamwajiri kwa umri huo? Au yuko tayari sasa aje wakae? Nyuma yake alimsikia mkamwana akiuliza kwa upole ni nani, na akajibiwa, ni mama.

Alipokata simu alisali. Alimwombea Fundi Uzi apate kazi nyingine, nzuri kuliko hii, karibu na watu wake. Alifika katikati, akasita. Aliona wazi analofanya. Yeye amechafua, kisha anamwita Mungu aje ampigie deki. Akakaa pale pale, mikono imebaki wazi na sala haiendi mbele wala nyuma, mpaka magoti yakamfa ganzi.

Jumanne gari la vioo lilikuwa limefika kabla yake. Vibarua walikuwa barazani wakiyashusha masanduku, msimamizi na simu yake, na Fundi Uzi mlangoni amepiga goti, anavuta uzi. Bibi Deki angeweza kumwita msimamizi pembeni. Alilifikiria hilo njiani. Lakini mtu ametukanwa mbele za watu. Kusafishwa pembeni si kusafishwa.

"Mistari niliifuta mimi," alisema. "Jumapili. Niliingia nikapiga deki."

Msimamizi alimtazama kama mtu aliyeona tangi la maji linasema. Akauliza nani alimruhusu kuingia. Akasema hakuna. Akauliza alikuwa anatafuta nini. Akasema hakutafuta kitu, ilikuwa chafu. Kibarua mmoja akasema kumbe mzimu wa jengo ni bibi mwenye ndoo, na kicheko kikapita barazani na kuishia kati, kwa sababu Fundi Uzi alikuwa amesimama.

Alimjia mpaka karibu. Uso wake haukuwa na hasira aliyoitarajia.

"Jana ulikuwepo," alisema. "Stoo. Nilisikia unakung'uta vitabu."

"Nilikuwepo."

"Ulisikia naitwa mlevi."

"Nilisikia. Niliogopa kazi yangu."

Fundi Uzi alitikisa kichwa, taratibu, kama anayekubali kipimo. "Usiku mzima nimekaa najiuliza kama kweli nilikunywa," alisema. "Mwaka wa tatu huu. Nikanusa nguo zangu mwenyewe." Kisha akarudi kwenye msumari wake, akapiga goti, akaukaza uzi.

Msimamizi hakupiga kelele. Alinyoosha mkono akapokea ufunguo wa mlango wa ndani, akamwambia Fundi Uzi kwamba habari ya Jumamosi imefutwa, na hilo neno imefutwa likamfanya mwenyewe akohoe. Kwa Bibi Deki alisema atalazimika kuandika kwa mkuu wa shule. Siku mbili ni siku mbili. Bibi Deki akasema ni haki.

Kazi ikaendelea miezi tisa zaidi. Fundi Uzi hakumkasirikia, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Kila asubuhi alimwamkia. Alisema, "Habari za asubuhi, mama," kwa heshima kamili, kama anavyoamkiwa mama wa mtu, na akapita. Chai alikunywa barazani na wenzake. Mara moja Bibi Deki alijaribu. Alisema kwa sauti kwamba buluu imempanda mpaka masikioni, ndoo iko tayari. Fundi Uzi alitabasamu kwa adabu, akajibu, "Asante, mama." Hakujaribu tena. Siku kazi yake ilipokwisha alikuja mpaka kwenye stoo, akavua kofia, akamuaga, akamtakia afya njema. Bibi Deki akamtakia safari njema. Alimtazama mpaka akapinda kona, kikopo cha uzi kinaning'inia mkononi, na alitamani sana angegeuka amtukane hata kidogo.

Mkuu wa shule alikuja wiki ya mwisho na karatasi. Alikaa kwenye dawati moja la zamani, akashindwa kuanza, kwa hiyo Bibi Deki alimsaidia.

"Aliandika?"

"Aliandika. Aliandika pia kwamba ulisema mwenyewe, hakuna aliyekukamata." Mkuu aliikunja karatasi. "Niliwasomea wanabodi yote. Wao walisikia nusu ya kwanza."

Ukumbi mpya, alieleza, ungesafishwa na kampuni. Sakafu ile nyekundu ilikuwa imefunikwa zulia la mpira ambalo halitaki maji, linataka mashine. Kwa hiyo hata wangetaka, pasingekuwa na kazi yake. Lakini alikuwa amepigania kitu. Vile vyoo vya nyuma, vya zamani, havikuwa kwenye ramani. Vingebaki kama vilivyo, na kampuni ilikataa kuvigusa. Siku tatu kwa wiki. Alisema hayo bila kumtazama, maana aliona aibu kumpa mtu mzima kitu kama hicho kwa mikono miwili.

Bibi Deki alifuta ukingo wa dawati kwa pindo la kanga.

"Vyooni hakuna mtu wa kupiga mistari," alisema. "Nitakuja."

Mkuu akacheka, kisha macho yakamlowa, kisha simu yake ikaita akaondoka nayo.

Watoto walirudi Jumatatu. Bibi Deki aliwasikia tangu barabara ya chini, kelele ile ile, akasimama mlangoni pa vyoo na brashi mkononi. Waliingia ukumbini wakashangilia vioo na kuta zinazotembea. Kutoka alipokuwa, ng'ambo ya uwanja, aliwaona ndani kama samaki: midomo inafunguka, mikono inainuka, sauti haitoki. Wakubwa aliowajua walikuwa wamemaliza na kwenda zao. Wa kati walikuwa wamerefuka. Wadogo kabisa hakuwajua, na wao hawakumjua. Mmoja alimuuliza yeye ni mama wa nani.

Saa ya mapumziko kengele ililia na mlango ukawatema wote kwa pamoja. Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kupiga deki vyooni, sakafu bado imelowa. Walimpita mbio kushoto na kulia, wakisukumana, na viatu vyao vikaweka matope kutoka mlango hadi ukuta. Alifungua mdomo kuwaambia wana miguu kama ng'ombe. Akaufunga, akajibana ukutani wapate kupita vizuri.

Walipokwisha wote, akachukua ndoo akaenda kuijaza.